Sura ya Tano: Ukuta Ndani ya Tumbo la Mdudu

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, juu kwenye misitu ya Usambara Mashariki, mtafiti Mwingereza aitwaye H. H. Storey alikuwa akifuga wadudu wanaofyonza utomvu wa mahindi. Wadudu hao, wenye urefu wa milimita chache tu, ndio wanaoeneza ugonjwa wa milia, ule unaoyachora majani mistari ya njano iliyopauka na kumwachia mkulima magunzi yenye punje za kuhesabika. Storey aliona jambo la ajabu. Katika spishi moja ya wadudu, wengine walieneza ugonjwa na wengine hawakueneza hata wakikaa kutwa kucha juu ya mmea ulioathirika. Aliwazalisha kizazi baada ya kizazi akathibitisha kwamba uwezo huo unarithiwa.

Kisha akachukua sindano nyembamba, akawatoboa tumbo wale wasioeneza. Walionusurika na sindano wakaanza kuambukiza. Kirusi walikuwa wamekimeza siku zote pamoja na utomvu, ila kilikuwa kimefungiwa ndani ya utumbo. Tundu la sindano likakifungulia njia ya kupita hadi kwenye damu ya mdudu, na kutoka huko hadi kwenye tezi za mate, ambako mdudu alikitema kwenye jani jingine alipokwenda kula.

Sura hii ni ya ukuta huo wa utumbo na ya vitu vingine vinavyokizuia au kukipitisha kirusi kinaposafiri. Huwa tunazungumza juu ya virusi kana kwamba vina miguu na nia. Ukweli ni kwamba kirusi hakitembei, hakiruki, hakili wala hakipumui. Ni kipande cha maelekezo ya kijeni kilichofunikwa kwa ganda la protini. Kikikosa wa kukibeba, kinakwisha pale pale kilipo. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini ugonjwa fulani umefika kijiji hiki na si kile, kirusi chenyewe kitakueleza kidogo sana. Uliza nani alikibeba, na kwa sababu gani alikuwa safarini.

Elimu hii ilianzia kwenye mimea, jambo ambalo madaktari hawapendi sana kukumbushwa. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani ya tumbaku yaliyougua kupitia kichujio kinachozuia bakteria, na maji yaliyopita bado yakaambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akarudia jaribio na kusema wazi kwamba hiki si bakteria mdogo bali ni kitu cha namna nyingine. Ugonjwa wa kwanza wa binadamu kuthibitishwa kuwa wa namna hiyo, homa ya manjano, ulifuata miaka michache baadaye kutokana na kazi ya tume ya Walter Reed kule Cuba. Na mwaka 1935 Wendell Stanley alipopata kirusi katika umbo la fuwele, kilikuwa kilekile cha tumbaku.

Watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: je, nikila kisamvu kilichochumwa kwenye muhogo wenye ugonjwa, nitaugua? Hapana. Kirusi cha mtu huingia kwenye seli kwa kushika protini maalumu zilizo juu yake, na kila kirusi kina zake: cha UKIMWI hushika za seli fulani za kinga, cha UVIKO-19 hushika nyingine zilizomo kwenye njia ya hewa na kwingineko. Kirusi cha mmea hakina cha kushika kwetu. Seli ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu usio na mlango wa namna hiyo, kwa hiyo virusi vya mimea vimezoea kusubiri jeraha: mdomo wa mdudu unaochoma jani, kisu cha mkulima, shina lililovunjika. Kipo kirusi cha pilipili ambacho watafiti walikikuta kwa wingi katika kinyesi cha binadamu. Watu walikuwa wamekila pamoja na pilipili na vyakula vilivyokolezwa kwayo, kikapita tumboni na kutoka. Siku hizi wapimaji wa usalama wa maji hukitafuta mitoni kama alama kwamba maji yamechanganyika na maji taka.

Lakini kutoingia mwilini si sawa na kutoua. Hilo nitalifikia. Kwanza twende Newala.

Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ni nchi ya juu yenye udongo wa kichanga unaokunywa mvua yote. Zamani watu wa Newala walishuka mteremko mrefu kwenda kuchota maji mabondeni na kuyapandisha kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliwekwa mitungini, ndani ya nyumba au karibu nayo, yakatumiwa kidogo kidogo. Mwaka 1952 hadi 1953 homa isiyojulikana iliwaangusha watu vijiji kwa vijiji. Ilianza ghafla, ikafuatwa na maumivu ya viungo makali kiasi kwamba mgonjwa hakuweza kujinyoosha. Jina la ugonjwa, chikungunya, limetoka katika Kimakonde na linamweleza mtu aliyekunjamana. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha taarifa zao mwaka 1955, na damu ya wagonjwa ikatoa kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana bado.

Aliyekibeba alikuwa mbu wa Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Mbu huyu hapendi madimbwi ya mashambani. Hutaga mayai kwenye maji safi yaliyotulia, karibu kabisa na watu, na mtungi wa Kimakonde ulimpa hayo yote mawili. Hapakuwa na uchafu wala uzembe ndani ya nyumba hizo. Lilikuwapo tatizo la maji, na mbu akaishi ndani ya suluhisho walilobuni wenyeji. Nalisisitiza hili kwa sababu maofisa wa afya wamezoea kufika baada ya kila mlipuko na kuwahubiria watu usafi, wakati mabomba hayajafika.

Miaka hamsini baadaye yakatokea yaleyale ufukweni. Mwaka 2004 mvua zilikuwa haba kwenye pwani ya Kenya, na katika kisiwa cha Lamu maji ya akiba yalikaa muda mrefu kwenye vyombo na mabirika bila kubadilishwa. Kufikia katikati ya mwaka, chikungunya ilikuwa imeingia nyumba hadi nyumba. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu hivi ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kabla mwaka haujaisha Mombasa nayo ilikuwa na wagonjwa. Mapema mwaka 2005 kirusi kikafika Ngazija, kisha visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, kwa njia zilezile ambazo watu wa pwani hii wamezisafiri kwa karne nyingi, isipokuwa sasa kwa ndege pia.

Kisiwa cha Réunion kilikuwa na jambo lake. Mbu aliyekuwa amejaa huko si Aedes aegypti wa Lamu bali ndugu yake kutoka Asia, Aedes albopictus. Kwa mbu huyu kirusi cha chikungunya kilikuwa kinapenya kwa shida: alikimeza na damu, lakini ukuta wa utumbo ulikizuia kwa kiasi kikubwa. Katika kipindi hicho cha mlipuko yakatokea mabadiliko madogo mno. Asidi amino moja, katika nafasi ya 226 ya mojawapo ya protini za ganda la kirusi, ilibadilika: palipokuwa na alanini pakawa na valini. Badiliko hilo moja lilikirahisishia kirusi kuvamia utumbo wa mbu wa Asia na kufika kwenye mate yake. Storey alihitaji sindano. Hapa kirusi kilijitengenezea upenyo kwa kosa la kunakili, namna virusi vinavyokosea kila siku mamilioni ya mara bila faida yoyote.

Matokeo yalikuwa mazito. Katika kisiwa chenye watu wapatao 770,000, zaidi ya theluthi moja waliugua kati ya mwaka 2005 na 2006. India ikafuata, waliodhaniwa kuugua wakazidi milioni moja. Mwaka 2007 kirusi kikashuka na msafiri kaskazini mwa Italia, katika mkoa wa Ravenna, na kwa kuwa mbu wa Asia alikuwa tayari amehamia huko ndani ya shehena za matairi makuukuu, Wazungu wasiowahi kutoka nchini mwao wakaugua ugonjwa uliopewa jina na Wamakonde.

Chikungunya huua wachache. Wengi hupona homa ndani ya wiki, lakini wapo wanaobaki na viungo vinavyouma kwa miezi, wengine miaka, na kwa mtu anayeishi kwa kushika jembe au kuvuta nyavu miezi hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Aliyepona, hata hivyo, kwa kawaida haugui tena. Mwili wake umetengeneza kingamwili zinazokikumbuka kirusi. Kumbukumbu hii ndiyo msingi wa chanjo zote, na ndiyo iliyowezesha ndui kumalizwa: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua Somalia mwaka 1977.

Mmea hauna kumbukumbu ya aina hiyo. Una ulinzi wake, tena wa werevu: kirusi kinapoanza kujinakili ndani ya seli, mmea huvitambua vipande vya maelekezo yake na kuvikatakata, na wakati mwingine majani mapya huchipua yakiwa safi ilhali ya chini yamejikunja kwa ugonjwa. Lakini huwezi kuuchanja muhogo kwa sindano kama mtoto wa miezi tisa anavyochanjwa surua, wala hakuna dawa ya dukani inayotibu virusi vya mimea. Wanaomuuzia mkulima chupa na kumwambia inatibu batobato, ule ugonjwa wa mabaka ya majani ya muhogo, wanamwibia. Kinachobaki ni mambo mawili: kuzuia kirusi kisifike, au kupata mmea unaoweza kuishi nacho.

Muhogo unafanya yote mawili kuwa magumu kwa sababu ya jinsi tunavyoupanda. Haupandwi kwa mbegu halisi. Mkulima anakata shina la mmea uliokomaa, analigawa pingili, anazichomeka ardhini. Pingili ni mwendelezo wa mmea uleule, si mtoto wake, na kila kirusi kilichokuwamo kinaendelea na safari. Mama mwenye VVU anayetumia dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na VVU. Shina la muhogo lenye batobato, kwa kawaida, linazaa batobato. Hapa mtoto wa nyoka ni nyoka bila tafsida.

Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, kutokana na mihogo ya Usambara. Hilo halimaanishi kwamba ugonjwa ulizaliwa mwaka huo. Muhogo wenyewe ni mgeni Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno wakauvusha bahari kuanzia karne ya 16, na ajabu ni kwamba huko ulikotoka batobato haipo. Kwa hiyo mgeni aliukuta ugonjwa hapa. Virusi vilikuwa vikiishi katika mimea ya porini ya Afrika, pengine bila kuidhuru sana, mpaka nzi weupe walipoonja jani jipya la mgeni asiyejiandaa. Ni historia ileile ya VVU, kirusi kilichowaingia watu kutoka kwa sokwe mtu wa kusini-mashariki mwa Kamerun mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikakua ndani ya mji wa Kinshasa. Kirusi kinapohama kutoka kwa mwenyeji wa zamani kwenda kwa mwenyeji mpya, mara nyingi ndipo balaa huanza.

Nzi weupe wana urefu wa kama milimita moja. Ukitikisa shina la muhogo wanaruka kama unga uliopulizwa, kisha wanarudi chini ya majani. Wakifyonza mmea wenye batobato, kirusi hupita ukuta wa utumbo wao na kufika kwenye mate, na tangu hapo nzi huyo anaweza kuambukiza kwa siku nyingi. Jani linapata mabaka ya njano na kijani, linapinda, linadumaa. Mmea usio na jani zima hauwezi kutengeneza wanga wa kutosha, na kiazi kinabaki chembamba kama kidole.

Kwa miongo mingi wakulima wa Afrika Mashariki waliishi na batobato hivyohivyo. Shamba lilipungukiwa mavuno, lakini halikufa. Ndipo mwaka 1988, kaskazini mwa wilaya ya Luwero nchini Uganda, ikaonekana batobato ya ukali usiozoeleka. Mashamba yalidumaa yote kwa pamoja, nzi weupe wakiwa wengi kuliko ilivyowahi kuonekana. Ugonjwa ukasonga kusini kwa mstari wa mbele unaoweza kuchorwa kwenye ramani, kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Wanasayansi walipofungua maelekezo ya kijeni ya kirusi hicho, mwaka 1997 walitangaza walichokikuta: virusi viwili tofauti vya batobato vilikuwa vimekutana ndani ya mmea mmoja vikabadilishana vipande. Kirusi cha Afrika Mashariki kilikuwa kimebeba sehemu ya jeni ya ganda la ndugu yake. Tena mara nyingi kirusi hicho kipya kilikutwa pamoja na yule ndugu ndani ya mmea mmoja, na palipokuwa na wote wawili uharibifu ulizidi ule wa kila kimoja peke yake.

Kwa Teso, mashariki mwa Uganda, wakati ulikuwa mbaya kuliko wote. Vita na uporaji wa mifugo mwishoni mwa miaka ya 1980 vilikuwa vimewanyang'anya watu ng'ombe, ambao walikuwa maziwa, mahari, jembe la kukokotwa na akiba ya fedha. Muhogo ndio ulikuwa umebaki. Ulipokufa nao, mapema miaka ya 1990, kukawa na njaa, na watu wakafa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kirusi cha batobato mwilini. Katika daftari za hospitali kifo cha namna hii, kama kinaandikwa kabisa, huandikwa kwa jina jingine: utapiamlo, nimonia, kuhara, surua kwa mtoto aliyekwisha dhoofu. Surua, kwa mfano, ni kirusi ambacho mtoto aliyeshiba mara nyingi hukishinda na mtoto mwenye njaa mara nyingi hushindwa. Virusi viwili, kimoja cha jani na kimoja cha mapafu, hukutana ndani ya nyumba moja, na sisi tunakihesabu cha pili tu.

Haikuwa mara ya kwanza kwa jambo hili kutokea katika nchi hizi. Katika miaka ya 1890 sotoka, kirusi cha ng'ombe, iliteremka kutoka pembe ya Afrika na kufagia mifugo ya Wamasai karibu yote. Ndui ikafuata nyuma yake. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann alipita Ngorongoro akakuta watu waliobaki mifupa wakiomba chakula. Sotoka haimuumizi mtu hata kidogo. Mfugaji angeweza kulala zizini na ng'ombe wake mgonjwa na kuamka salama. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011, na chanjo iliyofanya kazi kubwa zaidi ilitengenezwa na Walter Plowright pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Ng'ombe ana kumbukumbu kama mtu. Muhogo hauna, na ndiyo maana habari yake haina mwisho mzuri kama huo.

Ina, hata hivyo, mzunguko mmoja unaostahili kusimuliwa polepole. Mwaka 1937, pale pale Amani, Storey alianza kutafuta muhogo unaostahimili virusi. Alikusanya aina nyingi na zote zikaugua kwa viwango tofauti. Akageukia jamaa wa muhogo, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii, ambao Wajerumani walikuwa wameuleta kwa ajili ya mpira na ukaachwa bei ilipoanguka. Mti huo hauna viazi vya kuliwa, lakini ulisimama vizuri mbele ya virusi. Akaupandisha na muhogo, kisha watoto wakapandishwa tena na muhogo, mara nyingine tena na tena, mpaka viazi vikarudi na ustahimilivu ukabaki. Kazi ikaendelezwa na R. F. W. Nichols, halafu na D. L. Jennings, hadi ilipofungwa katika miaka ya 1950.

Kabla ya kufungwa, mbegu halisi za muhogo huo, zile zinazotoka kwenye tunda, zilitumwa Nigeria. Mbegu halisi zina faida ambayo pingili haina: mara nyingi virusi vya mama havipenyi hadi ndani yake. Huko Ibadan, kutokana na mbegu za Amani, ulipatikana mmea uliopewa namba 58308. Ulikaa bila kushangiliwa na mtu mpaka miaka ya 1970, pale taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ilipoutumia kama mzazi wa aina mpya. Mmoja wa uzao wake uliitwa TMS 30572. Uganda ilipokuwa ikizama katika batobato kali, TMS 30572 ulikuwa miongoni mwa mihogo iliyoletwa kuiokoa. Wakulima waliujua kwa jina la Migyera. Ustahimilivu uliotoka kwenye mti wa mpira wa Usambara ulizunguka hadi Afrika Magharibi na kurudi jirani na nyumbani baada ya nusu karne. Hakuna aliyeupanga mzunguko huo. Kama mtu mmoja pale Ibadan angeamua kusafisha kiunga chake mwaka wowote kati ya hapo, sijui Teso wangekula nini.

Ila kirusi kingine kilikuwa kinasubiri. Storey mwenyewe ndiye aliyekieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, kutokana na mihogo ya nyanda za pwani: ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huu ni wa hila kuliko batobato. Majani yanaweza kuonekana mazuri kabisa, au na njano kidogo ambayo mkulima anaihesabu kuwa uzee wa jani. Shina limenyooka. Mwaka mzima unapita mkulima akijua ana chakula ardhini. Siku ya kung'oa anakata kiazi anakuta ndani kimeoza mabaka magumu ya kahawia, kichungu, hata nguruwe anakikataa. Na kadiri unavyokiacha ardhini ndivyo uozo unavyozidi. Muhogo umependwa na maskini kwa sababu ghala lake ni udongo: unang'oa unapohitaji, mwezi huu au baada ya miezi sita. Michirizi inaharibu hasa sifa hiyo. Wakulima wa pwani walijifunza kung'oa mapema, wakakubali kiazi kidogo kuliko kukosa chote.

Tofauti na batobato, virusi vya michirizi havipiti ukuta wa utumbo wa nzi mweupe. Hubaki mdomoni na mwanzoni mwa njia ya chakula, na nzi anavipoteza baada ya muda mfupi. Maana yake ni kwamba nzi anaweza kuvipeleka shamba la jirani, lakini si mkoa wa jirani. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba ugonjwa huu hauwezi kupanda juu ya mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Miaka ya ukoloni ulikuwa umewahi kuingia Uganda ndani ya pingili zilizotoka Amani, ukagunduliwa, mimea ikateketezwa. Mwaka 2004 ukaonekana tena Uganda, juu ya mita 1,000, na safari hii haukuzimwa. Baadhi ya mihogo iliyosambazwa kwa sababu ya kustahimili batobato ilionekana dhaifu mbele ya michirizi, kwa hiyo wakulima waliokwisha kuokolewa mara moja wakapigwa mara ya pili kupitia aina zilezile za mihogo iliyowaokoa. Ugonjwa ukafika magharibi mwa Kenya, kanda ya ziwa ya Tanzania, Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo.

Nani aliubeba umbali huo? Mzigo wa mashina juu ya basi. Shangazi anayemletea mpwawe aina tamu ya muhogo. Mradi wa maendeleo unaogawa pingili kwa nia njema baada ya ukame. Kwa kuwa shina linaonekana zima, mtu mwenye kirusi mkononi anaamini kabisa kwamba amebeba zawadi. Waliofuatilia kuenea kwa VVU kwenye barabara kuu za Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 wangeitambua hali hii mara moja: ugonjwa usio na dalili za mapema, na watu wenye afya machoni pa wote wakiufikisha mbali.

Kinga zipo. Kwenye pwani ya Kenya wakulima wamekuwa na muhogo wanaouita Kaleso, na Tanzania wamekuwa na uitwao Namikonga. Wanasayansi wamegundua kwamba ni mmea mmoja, na kwamba asili yake ni kazi ya Amani. Ulisalimika kwa sababu wakulima waliendelea kuupanda baada ya serikali kuusahau. Zanzibar, taasisi ya Kizimbani ilitoa aina zake zinazostahimili, zikiwamo Kizimbani na Mahonda. Uganda inazo aina ziitwazo NAROCASS. Lakini kustahimili si kutoambukizwa. Mmea mstahimilivu hubeba virusi kidogo, na ukikatwa pingili mwaka hata mwaka virusi hujilimbikiza mpaka ustahimilivu unachoka.

Ndiyo maana sasa mkazo umehamia kwenye mbegu safi. Mmea unasafishwa maabara, unazidishwa kwenye mashamba yaliyo mbali na mihogo mingine, unakaguliwa, na pingili zinauzwa zikiwa na uthibitisho. Nchini Tanzania kazi ya ukaguzi iko mikononi mwa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Mkulima anashauriwa pia kung'oa mmea wowote unaoonyesha dalili mapema. Ushauri huu ni sahihi na ni vigumu kuufuata. Muhogo wenye batobato bado utatoa kiazi cha mlo mmoja au miwili, na kung'oa ni kutupa hicho leo ili jirani asiambukizwe kesho, jirani ambaye huenda yeye hang'oi. Katika magonjwa ya watu tuna sheria za karantini, mishahara ya wauguzi, chanjo za bure. Anayeng'oa muhogo wake hafidiwi na mtu.

Na ipo hesabu ya muuza mbegu. Mkulima wa mahindi chotara hurudi dukani kila msimu kwa sababu mbegu aliyovuna haitazaa vilevile. Mkulima wa muhogo akinunua pingili safi mara moja, mwaka unaofuata anazo zake, za bure, na shemeji yake naye anakata kwake. Anaporudi dukani ni baada ya miaka mitatu au minne, mavuno yakishaporomoka, na wakati huo mara nyingi muuzaji aliyezisafisha amekwisha funga biashara na kuhamia kwenye alizeti.